Siku Yangu na Watoto Viziwi, Amu

Saa 12:30 asubuhi
Natoka mtaa wa Langoni, hapa Amu, yaani Lamu, kwa miguu. Punda wameshaanza kubeba mchanga, na kichochoro kikiwa chembamba mwenye punda hupiga ukelele, watu wakajibanza ukutani. Mtoto kiziwi hausikii ukelele huo. Somo la kwanza ninalompa mwanafunzi mpya si herufi, ni namna ya kutembea akiambaa ukuta na kugeuka nyuma kila mara.

Mmoja wao, wa miaka saba, huningoja kwenye daka la kwao, kibaraza cha mlangoni. Jina lake la ishara ni kidole kwenye nyusi, maana ana kovu hapo. Bibi yake hunikabidhi kwa maneno yale yale: "Bubu wangu huyo." Nami hujibu: kiziwi, bibi, si bubu. Huyu domo lake liko mikononi, na halifungiki.

Saa 2
Watoto kumi na mmoja, wa miaka sita hadi kumi na minne, chumba kimoja. Viti tumevipanga nusu duara, kwa kuwa asiyeona mikono ya mwenzake hayumo mazungumzoni. Nikitaka wanitazame nazima taa na kuiwasha. Stima ikiwa haipo nagonga dawati, wanausikia mtikisiko kwa viwiko.

Leo nimewauliza: nyumbani mwaambiwa nini zaidi? Mikono kumi ikainuka kwa jibu moja: "Baadaye." Watu wamekaa kwenye sinia, mjomba kasema jambo, wote wamecheka, mtoto akiuliza kuna nini, huambiwa atasimuliwa baadaye. Hiyo baadaye haifiki.

Saa 4
Chai na mahamri. Mashine ya sikio ya msichana mmoja imezima tena. Chumvi na unyevu wa huku haviipi nafasi.

Saa 5
Hapa ndipo ninapoiba muda. Katika mitihani yetu, mtoto kiziwi hufanya Lugha ya Ishara ya Kenya badala ya Kiswahili, na vitabu vingine karibu vyote ni vya Kiingereza. Naelewa sababu. Lakini mama yake wa mtaa wa Wiyoni husoma na kuandika Kiswahili, na akimtumia mwanawe ujumbe kwenye simu, mtoto anaona herufi tu. Kwa hivyo kila siku nawapa maneno matano: mkate, punda, jahazi. Nomino hazina taabu. Taabu ni kitenzi. "Ninakupenda" kwa mtoto huyu ni ishara tatu, mimi, penda, wewe, nasi twataka azishone ziwe neno moja na katikati atie "na" ambayo haioni popote mkononi. Leo msichana wa miaka kumi ameandika "nitakuja" bila kunakili. Darasa zima likapunga mikono juu, ndiyo makofi yetu.

Saa 8
Nimemsindikiza mzazi na kijana wake kwenye ofisi moja ya huduma. Karani akaniuliza kijana anaitwa nani, ilhali kijana yuko mbele yake na kalamu mkononi. Nilipouliza kuhusu mkalimani akasema, "Si uko wewe?" Katiba ya 2010, kifungu cha 7, imeitaja Lugha ya Ishara ya Kenya kwa jina. Nilimwambia. Akatuambia turudi Jumatatu.

Saa 10 jioni
Ziara ya nyumbani. Mtoto wa miaka mitatu, aliyepoteza usikivu baada ya homa ya uti wa mgongo. Mama amemnywesha kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya aya za Kurani, na mimi sina neno na kombe. Dua ni dua. Ninachoomba ni apimwe masikio pia, na wasimimine mafuta ya nazi ya moto ndani yake. Baba anahofia ishara zitamfunga ulimi. Nikamweleza kuwa hazifungi kitu, ila miaka hii mitatu minne ya mwanzo ndiyo ubongo unapojenga lugha, na asipopata lugha yoyote sasa, kuifidia baadaye ni kazi kubwa. Alinyamaza. Nilipokuwa natoka aliniuliza ishara ya "maji".

Saa 1:30 usiku
Darasa la kina mama, ndani kwa mwenzetu mmoja. Wanaume hawaingii, kwa hivyo ninja, zile shela za kufunika uso, zinavuliwa, na hilo si jambo dogo: katika ishara uso ni sarufi. Nyusi zikipanda, sentensi imekuwa swali. Mama aliyefunika uso njiani humwonyesha mwanawe nusu ya lugha, ndiyo maana mimi huwaambia kina mama wamalize mazungumzo nyumbani.

Yule bibi wa asubuhi amekuja leo, mara ya kwanza, na mjukuu wake. Tukiwa katikati ya "njaa" na "shiba", stima ikakatika. Kwetu giza ni sawa na kuzibwa mdomo. Bibi akatoa simu, akawasha tochi, akaimulika mikono ya mtoto, aliyekuwa akisimulia habari ya punda aliyeteleza baharini pale forodhani, huku akicheka peke yake.

"Asemani?" bibi akaniuliza.

Kabla sijajibu, mtoto akamtazama, akampa ishara moja. Baadaye. Hiyo bibi hakuhitaji nimfasirie.