Chumvi yangu ilikuwa inalia

"Dada, chumvi yako inalia."

Mnunuzi wa Masasi alisimama mlangoni mwa banda langu, kashika kona ya kiroba, maji yanamdondokea kwenye kandambili. Mvua haikunyesha, banda halivuji. Viroba arobaini nilivyovipanga juu ya mbao vilikuwa vimetengeneza kidimbwi chini. Akachota punje kidogo, akatia ulimini, akatema pembeni. "Tena chungu." Akachukua viroba sita kwa bei ya kunionea huruma, akawasha pikipiki.

Nina majaruba manne nje ya mji wa Lindi, upande wa kwenda Mchinga, niliyoachiwa na marehemu baba. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana, bahari inaingia yenyewe kwa mfereji. Tunaifungia jaruba la kwanza, tunaihamishia la pili, la tatu, na la mwisho ndimo chumvi inapoketi. Mafuta yetu ni jua na upepo wa kusi. Wanaochemsha kwa kuni za mikoko huwa nawaonea uchungu, maana kupasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 30 hadi 100 ni kazi ndogo; kuigeuza yote iwe mvuke kunakula nishati karibu mara nane ya hiyo. Na kilo moja ya chumvi inatoka kwenye bahari isiyopungua lita 36. Hebu fikiria huo mzigo wa kuni.

Siku zilizofuata kila mtu alikuwa na jibu. Fundi wa banda alisema viroba vibovu. Kijana anayenisaidia kuvuna alisema tope la jaruba la mwisho limechoka. Shangazi alisema jicho, na akanitajia jicho la nani.

Mimi nilishika la tope, kwa sababu nilijiona nimelithibitisha. Nilichota maji yaliyokolea kwenye jaruba la mwisho, nikayaanika katika beseni kubwa la bluu juu ya bati. Baada ya siku chache chumvi ilikuwa imejaa chini na maji yamebaki kama vikombe viwili. Kulikuwa na sare za shule za kufua na beseni ndilo hilo moja, basi nikamwaga yale maji, nikakwangua chumvi, nikaimalizia kukausha kwenye sinia. Ikatoka nyeupe, kavu, haina uchungu hata chembe. Nilipiga kigelegele peke yangu uani. Beseni halina tope, chumvi imekuwa nzuri, sasa unataka ushahidi gani?

Nikachukua pesa iliyobaki ya korosho, nikanunua nailoni nyeusi nene ya kutandika jaruba zima la mwisho. Mavuno yaliyofuata yalikuwa meupe kama pamba za Krismasi, na machungu vilevile.

Nilikuwa nimekaa kizingitini, sili wala siongei, binti yangu alipoweka begi chini. Yuko kidato cha kwanza, anasoma kutwa. Kemia wanafundishwa kwa Kiingereza, lakini akifika nyumbani hunieleza kwa lugha yetu, na mara nyingi hapo ndipo na yeye anapoelewa. Nikamsimulia habari ya beseni na nailoni. Akafikiri kidogo.

"Mama, ulibadilisha vitu viwili kwa mpigo. Uliondoa tope, halafu ukamwaga na maji."

Nilikasirika. Kama ungekuwa uongo nisingekasirika.

Tukaazima mabeseni manne madogo yanayofanana na mizani ya jirani anayeuza maandazi. Kila beseni lita tatu za maji yaleyale ya jaruba la mwisho, yaliyochotwa asubuhi moja, na yote juu ya bati moja. Mawili tukayatandika tope chini, mawili tukayaacha masafi. Katika kila jozi, moja tuliache likauke kabisa, jingine tulimwage maji yakibaki kama nusu lita. Kabla ya chochote akanipa karatasi. "Andika unachotarajia, uikunje." Hiyo wanaiita nadharia tete. Niliandika: tope. Ile nailoni ilikuwa bado inaniuma mfukoni, nisingeweza kuandika kingine.

Siku ya tatu mbuzi alipanda kwenye bati akalamba beseni moja mpaka akaligeuza. Nikataka tujaze hilo tu tuendelee. Binti akakataa: jua la hilo lingekuwa la siku nyingine na upepo mwingine, tusingejua tena kipi kimefanya nini. Tukamwaga yote, tukaanza upya. Kusema kweli siku hiyo nilimwona msumbufu.

Yalipokuwa tayari aliweka chumvi kwenye visahani vinne, akaandika herufi chini ya kila kimoja, akawaita jirani na kijana wa kuvuna waonje bila kujua kipi ni kipi. Wote wawili walikunja uso kwenye visahani vilevile: yale mabeseni yaliyokaushwa kabisa, lenye tope na lisilo na tope. Yaliyomwagwa maji, yote mawili mazuri. La tope lilitoa chumvi yenye ukijivu, basi. Tope linaharibu sura, uchungu si wake.

Kisha tukapima gramu mia mia za kila aina, tukaziacha wazi barazani wiki nzima. Siku ya mwisho, saa saba mchana, zile chungu zilisoma 112 na 111. Nyingine zote mbili 101. Maada haizuki yenyewe. Zile gramu kumi na kitu zilitoka hewani. Maana yake miezi yote hiyo nilikuwa nawauzia watu hewa ya Lindi ndani ya kiroba.

Sababu yenyewe ni hii. Kilo moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvichumvi za kila namna, na zaidi ya robo tatu yake ndiyo ya mezani, kloridi ya sodiamu. Maji yakipungua hazigandi zote pamoja. Chokaa inatangulia, inafuata jasi, ileile inayochimbwa Kilwa. Bahari ikibaki kama sehemu moja ya kumi ndipo chumvi yetu inaanza kuketi. Za magnesiamu zinang'ang'ania majini hadi mwisho kabisa, na mojawapo ni haluli, ambayo aliyewahi kunyweshwa na bibi yake anaijua ladha yake na kazi yake. Ukiliacha jaruba likauke lote, zote zinaganda juu ya chumvi yako. Chumvi safi inaanza kulowa hewa inapofika unyevu wa asilimia 75 hivi, kwa hiyo usiku wa pwani inalowa kidogo, mchana inakauka. Kloridi ya magnesiamu inaanza kunywa kwenye asilimia 33. Huku kwetu hiyo haina saa ya kupumzika.

Linaloniuma zaidi ya nailoni ni baba. Kila mavuno alivunja tuta la jaruba la mwisho maji yakiwa bado yamo, akayaachia. "Haya yamekwisha utamu," alikuwa anasema, bila maelezo zaidi. Mimi nikaona mzee anamwaga mali. Alipofariki nikaacha kuvunja tuta, viroba vikaongezeka, nikajisifu.

Sasa nina kalamu ya kupimia ukolevu wa maji. Tulichukua ganda la kalamu ya wino, tukatia msumari mdogo ndani, tukaziba kwa nta ncha zote ili lielee wima. Alama ya kwanza ni pale linapozama katika maji ya kisima. Ya pili ni katika maji yaliyoyeyusha chumvi mpaka yakakataa, kama gramu 36 kwa gramu 100 za maji. Humo linapanda juu. Ya tatu ilituchukua mavuno mawili: kila asubuhi tulielesha kalamu na kuonja punje mpya, mpaka uchungu ulipoanza kujitokeza. Tukarudi nyuma kidogo, tukapiga mstari kwa rangi ya kucha. Kalamu ikifika mstari mwekundu, navunja tuta, nasuuza chumvi kwa maji safi yaliyokolea chumvi ili isiyeyuke, naikusanya pembeni ichuje.

Mnunuzi wa Masasi alirudi. Alitia mkono ndani kabisa ya kiroba, akautoa mkavu, akauangalia, akaanza kuhesabu pesa. Nailoni tunaanikia mihogo.

Binti alikinga lita moja ya yale maji ya mwisho kwenye bakuli aone kitaganda nini. Liko dirishani tangu Agosti, juani kutwa. Halijakauka.