Siku mama mdogo alipolipanga begi langu upya

Ilikuwa mwezi wa saba 2016, kile kipupwe cha Dodoma chenye upepo mpaka mabati yanalia, usiku tunajifunika blanketi mbili mbili, na mi ndo napanga nguo za kwenda Kuala Lumpur kwenye mafunzo ya wiki sita. Sijawahi kutoka nje ya nchi kwahiyo nilijiandaa haswa. Nilidamka kwenda soko la Sabasaba wanapofungua marobota ya mitumba nikachagua modo tatu, zile suruali za kubana, jinzi mbili nzito, blauzi za vile vitambaa vinavyoteleza visivyotaka pasi, na koti. Nilijua Malaysia kuna joto ila nikasema joto nalijua, mi mtoto wa Dodoma, jua la mwezi wa kumi na moja limeshanikuta Nkuhungu barabarani saa nane mchana, sasa huko kuna nini cha zaidi.

Jioni akaja mama mdogo. Yeye kaolewa Tanga miaka mingi, siku hizo alikuwa kaja kumuuguza bibi.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu, hebu nilione hilo begi."

Akakaa kwenye mkeka akaanza kutoa moja moja, hafoki, anatoa tu anakunja anaweka pembeni. Jinzi pembeni, koti pembeni. Zile blauzi akazisugua kwa vidole akaniuliza, "Ukivaa hii jasho linapita wapi?" Sikuwa na jibu.

Ndo akaanza kunielekeza, na natamani kila mtu wa bara anayeenda sehemu kama ile apate wa kumwambia kwa upole namna ile. Huku kwetu tuko juu, zaidi ya mita 1,100 toka usawa wa bahari, hewa kavu, jasho likitoka upepo unalinywa hapo hapo mwili unapoa, ukiingia kivulini umepona. Pwani hewa yenyewe imeshashiba maji, jasho linatoka halina pa kwenda, na kivulini ni fukuto lile lile, usiku nako lile lile. Akasema alivyofika Tanga bi harusi, nguo alizotoka nazo Dodoma ziliota ukungu kabatini masika ya kwanza tu, alilia.

Akafungua mkoba wake akatoa madera mawili ya pamba, ya kwake mwenyewe, akaniwekea. Kanga doti mbili, fulana za pamba, sketi pana, ndala, nguo za ndani akahesabu kumi na nne akasema ongeza. Sweta moja akaliacha kwa ajili ya viyoyozi vya darasani, na kweli darasani tulikuwa tunatetemeka. Niliruhusiwa kilo 23, begi likaja kilo 14. Jinzi moja nikagoma, nikasafiri nimeivaa.

Basi lilipopita Morogoro likikaribia Chalinze nikaanza kusikia shingo inanata. Kuala Lumpur tulitoka uwanjani usiku, mlango ulivyofunguka tu miwani yangu ikajaa ukungu nikawa sioni, na hapo jua halipo! Mchana nyuzi 32, 33, jioni mvua kubwa ya radi inapiga, ikikatika lami inatoa mvuke, yaani unaoga unajifuta na bado umelowa. Wiki nzima ya kwanza nilishinda na yale madera nikitoka darasani.

Ile jinzi niliifua Jumamosi. Dodoma ukianika saa tatu asubuhi mchana unavaa. Kule mpaka Jumanne pindo na mifuko bado mbichi, ikaanza kunuka uvundo, nikaifua tena ikanuka tena, ila kanga niliyoanika chini ya feni usiku asubuhi imekauka. Nilimpigia mama mdogo nikamwambia asante, nikashindwa kuendelea kuongea.

Niliporudi nilimpelekea madera yake, nimeyafua Dodoma nikayaanika juani kabisa. Akayanusa kwanza yote mawili. "Hayajavunda," akasema, akayakunja akayarudisha kwenye mkoba.