Kioo cha Kibanjara: nguvu iko kwenye nyuzi nne za chini

Wabanjara wa Sandur, jimboni Karnataka, India, ambao huko huitwa pia Walambani, hupamba nguo kwa vioo vidogo wanavyovishikiza kwa uzi. Weka kioo cha sentimita 2 juu ya kitambaa cha pamba. Kaza juu ya kioo nyuzi mbili wima na mbili za mlalo, zipite karibu na katikati; hizi ndizo nyuzi nne za chini, zinazokaa chini ya urembo. Kisha zunguka: sindano ipite chini ya nyuzi hizo, vuta, choma kitambaa ukingoni mwa kioo, rudia. Kila mvuto huzisogeza nyuzi kuelekea ukingoni, na duara safi linang'aa katikati.

Nyuzi nne zikilegea, kioo kitachomoka tu, hata urembo wa juu uwe mzuri vipi. Ukingo mkali nao hukata uzi. Usugue kwanza kwa msasa.