Bagamoyo na Majumba Yake ya Chokaa

Kutoka stendi ya Makumbusho, Dar es Salaam, hadi Bagamoyo ni kilomita sitini hivi, na siku hizi barabara ni ya lami mwanzo mwisho, kwa hiyo njiani sikupata la kusimulia. Nilikuwa nimefuata majengo ya zamani, hasa yale yaliyowahi kupokea wageni.

Nilianzia upande wa bara, kwenye nyumba ya misafara, kwa kuwa kabla hoteli za kitalii hazijajipanga ufukweni mji huu ulikwisha kuwa na kazi ya kulaza watu. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walifika hapa na pembe za ndovu baada ya kutembea kutoka Tabora, au kutoka Ujiji iliyo mbali kwa zaidi ya kilomita elfu moja. Ramani ya jengo inaeleza yote: ua mpana, vyumba vidogo vikiuzunguka, na katikati ghorofa moja ambayo mtu akisimama juu yake anauona mzigo na mwenye mzigo kwa pamoja. Kwa maoni yangu, aliyelichora alifikiria ulinzi kwanza na usingizi wa wageni baadaye.

Boma la Wajerumani, ambalo linatazama bahari, lina lugha nyingine kabisa. Lilikamilika mwaka 1897, wakati makao makuu ya koloni yalikuwa yamekwisha kuhamishiwa Dar es Salaam tangu 1891, kwa sababu pwani ya Bagamoyo ina maji mafupi: jahazi hupwelewa mchangani bila shida, lakini meli kubwa ililazimika kutia nanga mbali. Hivyo fahari yote ile, kuta nene na matao yanayopitisha upepo wa bahari, ilijengwa katika mji uliokwisha kuvuliwa ukuu. Miaka mia moja baadaye mvua za El Niño ziliangusha sehemu ya jengo hilo.

Mgeni maarufu kuliko wote hakubahatika na ghorofa za mji huu. Tarehe 4 Desemba 1889 Emin Pasha, daktari Mjerumani aliyekuwa gavana wa Ekwatoria kusini mwa Sudan, aliwasili kutoka bara pamoja na mpelelezi Henry Morton Stanley, wakaandaliwa karamu na Hermann von Wissmann, kamishna wa Wajerumani, na usiku huohuo Emin, ambaye macho yake yalikuwa hayaoni mbali, akaanguka kutoka ghorofani hadi barabarani na kuumia vibaya kichwani. Alipona baada ya kuuguzwa kwa muda mrefu. Kingo za roshani za zamani, nilizoziangalia kwa makini baada ya kukumbuka kisa hicho, nyingine ni fupi mno.

Katika mitaa ya mji mkongwe nilisimama muda mrefu mbele ya ukuta mmoja uliobanduka lipu. Ndani yake yalionekana mawe ya matumbawe, mepesi na yenye vitundu, yaliyoshikwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe hayohayo juu ya magogo. Juu ya mlango zilichomoza ncha za boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliowalazimisha waashi kujenga vyumba vyembamba hata kwa tajiri. Fundi aliyekuwa akikarabati nyumba ya jirani, nilipomwamkia na kumuuliza kwa nini lipu imetoka vipande vikubwa namna ile, alinijibu, "Hiyo ni saruji, kaka. Ukuta huu unapumua. Ukiuziba kwa saruji, unyevu na chumvi vinabaki ndani, vinausukuma." Chokaa, alisema, hulowekwa miezi kadhaa kabla ya kutumika, na wenye nyumba wengi hawana subira hiyo wala fedha ya kumlipa fundi anayeijua. Upande wa pili wa barabara, vijana walikuwa wanachanganya mfuko wa saruji.