Jua la Lamu na Mafuta ya Papa

Boti ilipoiacha gati ya Mokowe, abiria wote walijibana chini ya turubai. Mimi, niliyezeekea maabara nikichunguza homoni na vitamini D, ile ambayo ngozi huitengeneza ikipata jua, nikabaki mbele juani peke yangu. "Daktari, utaiva!" nahodha akanipigia kelele, na watu wakacheka.

Nilikuwa nimealikwa na mwanafunzi wangu wa zamani, sasa mfamasia mjini Lamu. Alitaka nizungumze na kina mama wa mtaa wake kuhusu mifupa. Safari ya basi kutoka Malindi sitaisimulia, aliyeipita anaijua.

Lamu iko digrii 2 tu kusini mwa ikweta, ila mji wenyewe umejengwa kulikimbia jua. Punda wawili wenye mizigo hupishana kwa taabu vichochoroni, kuta za matumbawe ni nene, na mwenyeji anaweza kutoka Mkomani hadi Langoni adhuhuri bila utosi kupata moto. Nikakumbuka utafiti wa 2012 juu ya Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania, watu wanaoshinda nje: wastani wao wa vitamini D damuni ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, ilhali 50 huhesabiwa kuwatosha watu wengi. Ngozi nyeusi hutengeneza polepole, lakini hutengeneza, mradi ilione jua. Anayeshinda ndani, au anayetoka akiwa amejifunika buibui, hesabu yake ni nyingine hata akiishi ikweta.

Asubuhi tulikwenda Matondoni, kwenye mafundi wa vyombo vya baharini. Harufu ilitupokea kabla ya watu. Fundi alikuwa akipaka sifa, mafuta ya ini la papa, kwenye mbao za jahazi. Chini, panapokaa majini, hupakwa deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa. Nilisimama pale muda mrefu kuliko ilivyokuwa adabu. Fani yangu nzima ilianzia kwenye mafuta kama hayo. Mwaka 1919, Mwingereza Edward Mellanby alifuga mbwa wachanga ndani ya nyumba, akawalisha nafaka, wakapata matege. Alipowapa mafuta ya ini la samaki aina ya chewa, mifupa ikakaa sawa. Miaka mitatu baadaye Mmarekani Elmer McCollum akaonyesha kuwa kinachotibu si vitamini A, bali kitu kingine, akakiita D. Nilimsimulia fundi. Akaniuliza kama nataka kuonja. Nilikataa upesi, na si kwa harufu tu: ini la papa limejaa vitamini A kiasi cha kumdhuru anayekunywa ovyo.

Alasiri kina mama walinikusanyikia katika kiwanda, ule uwanja wa ndani ulio wazi juu. Bibi mmoja akaanza: "Mwanangu, hili yua sisi twalikimbia, wewe waliitia ndani?" Nikamwonyesha pale tulipoketi. Waliojenga nyumba hizi walimwachia mwanamke kipande cha mbingu asichochunguliwa na mtu. Akifunua mikono na miguu hapo kwa muda mfupi, kivuli chake kikiwa kifupi kuliko yeye, inafaa. Dirishani nyuma ya kioo haifai, kwa kuwa kioo huzuia mionzi yenyewe.

Kisha nikawaeleza njia ambayo vitamini D hupitia mwilini, nayo ndiyo iliyonipa kazi ya maisha. Ngozi hutengeneza kitu ambacho bado ni kibichi. Ini hukibadilisha mara ya kwanza. Hector DeLuca na wenzake huko Madison, Marekani, walikitenga kilichobadilishwa hivyo mwaka 1968. Figo humalizia, jambo lililogunduliwa Cambridge mwaka 1970. Kinachotoka figoni ni homoni kamili: husafiri kwa damu, huuamuru utumbo ufyonze kalsiamu, na tezi ndogo za shingoni huamua figo itengeneze kiasi gani. Mwanzoni mwa kazi yangu niliona jina "vitamini" linaidhulumu. Siku hizi sina haja ya kubishana.

Mama mmoja aliyekuwa kimya akauliza: mumewe figo zimekufa, anasafishwa damu, je jua litamfaa?

"Litamfikisha nusu ya njia," nikajibu. "Ngozi na ini vitafanya kazi, figo haitamalizia. Ndiyo maana daktari wake anaweza kumwandikia homoni iliyokwisha kukamilika, ya vidonge, huku akimpima kalsiamu, maana ikizidi ni hatari."

Akamgeukia mfamasia, akataka bei. Mwanafunzi wangu akaitaja, kina mama wakaguna, na mazungumzo yakahamia bima.