Siku moja kazini: mi, mawingu na nyota inayozunguka mara 11 kwa sekunde

Saa 7 mchana ndo naamka. Usinicheke, nimelala asubuhi. Mi Mtanzania, mwanafunzi wa fizikia, nipo Namibia kwenye nyanda za juu za Khomas, karibu mita 1800 juu ya bahari, kilomita kama 100 toka Windhoek, zamu ya wiki chache kwenye darubini za H.E.S.S., zinazosaka miale ya gama, mwanga usioonekana wenye nguvu kupita kiasi. Kazi nyingi tunafanya mwezi ukiwa haupo, giza lile la kijijini.

Chai, naangalia hali ya hewa, nafua soksi, nakula, naangalia tena hali ya hewa. Februari huku ni msimu wa mvua kwa hiyo hilo la hali ya hewa ndo nusu ya kazi.

Saa 12 jioni tunazikagua darubini. Ziko 5, nne za upana wa mita 12 na ya katikati mita 28. Hizo nne kila moja ina vioo vidogo vya duara 382, ukisimama mbele yake jioni unaliona anga lote limekatwa vipande vipande, wekundu hapa, zambarau pale. Watu wanadhani tunakaa tunachungulia. Hakuna anayechungulia. Mwale wa gama haufiki chini, unagonga hewa huko juu kilomita 10 hivi, unapasuka unakuwa mvua ya chembe, na zile chembe zinatoa mwanga wa bluu unaodumu nanosekunde chache tu, yaani sekunde ukiigawa mara bilioni. Kamera ndo inaudaka. Jicho lako haliuoni ng'o.

Saa 3 kasoro giza limeiva, wa kwanza kwenye ratiba ni pulsa ya Vela, ile nyota inayozunguka mara 11. Mawingu. Saa 3 na nusu mawingu. Saa 4 mawingu na radi kwa mbali, mwenzangu kashajifunika blanketi, na hapo ndo mjomba akapiga WhatsApp, kwao Tanga ni saa 5 na hajalala.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Upo kazini?"

"Nipo."

"Vizuri, basi nitazamie nyota yangu, duka limekwama toka mwezi wa 12. Mi Mizani."

Nimeshamwambia mara sijui ngapi kwamba sisomi nyota, mi sio mnajimu wa redioni. Kwake naficha utaalamu kwa ndugu. Nikaona mawingu yenyewe hayaondoki, ngoja nimweleze hii ya Vela. Nikamwambia mjomba hili ni gofu la nyota iliyolipuka, upana wake kama kilomita 20 tu ila uzito unalipita jua, na linazunguka mara 11 kila sekunde. Kimya. "Mara 11?" Ndio. Na lina sumaku kali ajabu, sasa si unaijua dinamo ya baiskeli, sumaku ikizunguka inazaa umeme? Basi hii ni dinamo yenye umeme wa kung'oa elektroni na kuzirusha karibu na kasi ya mwanga. Kilomita elfu 4 na kidogo toka kwenye nyota, ile sumaku ingebidi izunguke kwa kasi ya mwanga wenyewe, haiwezi, kwa hiyo kuanzia maeneo hayo kwenda nje mambo yanachafuka, elektroni zinapata mwendo wa kutisha halafu zinagongana na mwanga wa kawaida unaopita zake. Kama lori la mchanga kugonga mpira wa chandimu. Mpira ndo unaruka, unakuwa mwale wa gama. 2023 ilitangazwa toka hapahapa kwamba Vela inatoa miale ya hadi trilioni 20 za elektronivolti, yaani chembe moja ya mwale huo ina nguvu kama mara trilioni 10 ya chembe moja ya mwanga wa taa yako ya dukani. Inafikaje huko, wataalamu bado wanabishana.

"Na haichoki?"

Inachoka. Nguvu yote hiyo inatoka kwenye kuzunguka, kila siku inapunguza mwendo kidogo sana.

"Aaa. Kumbe inakula mtaji."

Miaka yote ya chuo hakuna aliyeniwekea hivyo.

Saa 6 na robo mawingu yakapasuka na simu nikakata bila adabu. Tunarekodi vipande vya dakika 28, kila kipande unakodolea skrini, mimweko mia kadhaa kwa sekunde na karibu yote ni protoni za angani, takataka. Ile gama moja moja unaipanga kwa mzunguko wa nyota, zikirudi palepale kila mzunguko basi ni zake. Kipande cha pili namba zikaporomoka, wingu. Cha tatu safi. Baada ya hapo sijui tena ni saa ngapi, kahawa imepoa, biskuti ni ngumu kama tofali, shingo imekufa, nimeandika tarehe ya jana kwenye logi mara mbili na nondo katua kwenye skrini mimi namsukuma kwa mausi.

Vela ikashuka, tukahamia kitu kingine, sikumbuki vizuri nini. Kukaanza kupambazuka, darubini zikalazwa, nikaenda chumbani na tochi nyekundu naangalia nge.

Simu ina voisi ya mjomba, dakika 2. Kaongea weee, mwishoni anauliza, sasa huo mtaji ukiisha? Nimemwandikia, inazimika mjomba, inabaki gofu la kimya. Halafu nikavuta pazia.