Pawaso ya laki saba: waliocheka sasa wanakuja kuazima

Nimechoka na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wale wanaoiona pawaso, yaani msumeno wa injini, wakasema "mashine ya Mchina ni takataka, jikaze ununue Stihl au Husqvarna," zile za majina makubwa. Wa pili ni wauza maduka wanaokuapia kwamba kopi na original ni kitu kimoja, tofauti ni rangi tu. Wengi wao hawajawahi kuangusha hata mti mmoja kwa mashine waliyoinunua wenyewe. Mimi kazi yangu ndiyo hiyo, hapa Arua, Uganda: nguzo za mikaratusi, na misaji ya wazee waliopanda enzi hizo na sasa wanataka kujenga. Pawaso yangu ni kopi ya Stihl 381. Nilitoa laki saba na kitu za Uganda, baada ya kubishana na muuzaji mpaka akaniongezea tupa. Original nilikuwa nimetajiwa milioni tatu na ushee, na sikuwa nazo. Huu ni msimu wa pili, na bado inanguruma.

Ila kabla hujakimbilia dukani, kuna kopi na kuna feki. Kopi ina jina lake yenyewe kwenye kava, hata kama ni jina ambalo hujawahi kulisikia. Feki imebandikwa jina la mwenzake. Mtu aliyekudanganya kwenye jina, kwenye pistoni atakuambia ukweli kwa nini? Pawaso ya kweli ya Stihl ina namba ya tarakimu tisa iliyogongwa kwenye chuma cha mashine, si stika inayobanduka kwa ukucha. Wala usiikatae mashine kwa sababu tu imeandikwa imetengenezwa China, maana Stihl wenyewe wana kiwanda kule Qingdao. Niliwahi kumwona mtu anarudisha original dukani kwa sababu hiyo, akatoka na feki iliyoandikwa Ujerumani kwa herufi kubwa, anatabasamu.

Basi, niliifikisha nyumbani, nikaiandaa, nikaanza kazi. Asubuhi ilikuwa mashine ya kujivunia. Ikishapata moto, shida. Ukiachia resi, mlio haushuki. Injini inabaki inalia juu na cheni inazunguka yenyewe, na wewe umeishika mkononi. Nikapunguza skrubu ya kupumzisha injini, ikatulia kwa miti miwili mitatu, halafu ikarudia. Nikagusa skrubu ya L, ile ya kabureta inayorekebisha petroli ya mlio wa chini, ikazima. Nikairudisha, ikapiga kelele.

Ushauri ukaanza kumiminika. Fundi wa bodaboda pale senta, mtu mzuri kabisa kwenye Boxer, aliigeuza juu chini akaniuliza, "Kaka, oili ya injini unaweka tundu gani?" Nikamweleza kwamba hii ni injini ya mipigo miwili, oili inachanganywa humo humo kwenye petroli. Akafikiri kidogo, akasema basi niongeze oili, nusu kikombe kwa lita, itapoa. Huo ndio ushauri ninaousikia kila mahali na ndio unaoua mashine nyingi. Oili ikizidi, petroli inayopita kwenye tundu lilelile la kabureta inapungua, injini inazidi kupata moto, na plagi inajaa masizi. Stihl husema 1:50 kwa oili yao wenyewe na 1:25 kwa nyingine. Mimi kwenye kopi naweka 1:25, yaani mililita 40 kwa lita moja ya petroli, kwa kipimo cha chupa ya dawa ya mtoto, si kwa macho.

Mwingine akasema ni kabureta. Nikaagiza kabureta mpya. Nikaifunga, nikawasha, na tatizo likanisalimia kama jirani.

Kilichonifungua macho ni kitu kidogo. Nilikuwa nimeiweka chini inalia, nikaiinua kuihamisha, na ilipolala upande mmoja mlio ukapanda. Nikailaza upande wa pili, ukashuka. Nikarudia. Ukapanda tena. Kabureta ni nadra kuwa na ugonjwa wa namna hiyo. Ule ulikuwa upepo unaoingia kwa mlango wa wizi, karibu na krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Na upepo wa wizi ni hatari, maana hewa ikizidi petroli inakuwa haba, na petroli ndiyo inayobeba oili. Pistoni inakauka, inapata moto, inakwaruzika, na hapo ndipo watu husema, "Si tulikuambia? Mchina."

Mafundi wakubwa wana kifaa cha kupima hilo. Mimi nilikuwa na pampu ya baiskeli. Nikafungua ekzosi, nikakata kipande cha tyubu, nikakiweka kwenye mdomo wa silinda na kukaza ekzosi juu yake. Nikatoa kabureta, na ule mpira inapokaa nikauziba kwa kizibo cha mti wa mkaratusi nilichokichonga kwa kisu, nikakivika kipande kingine cha tyubu. Plagi nikaiacha mahali pake. Kuna kampira kembamba kanakopeleka pumzi ya injini kwenye kabureta. Humo nikachomeka mdomo wa pampu na kufunga kwa waya. Nikavua kava na flaiwili, lile gurudumu la sumaku lililo ubavuni mwa injini. Mwanangu akaleta povu la Omo, tukapaka kila kiungo kwa brashi kuukuu ya meno.

Nikasukuma taratibu, mara mbili tatu. Ukisukuma kama unajaza tairi unaharibu sili nzima zilizobaki, zile pete za mpira zinazozuia hewa kupita kando ya krenki. Kwenye silinda, kimya. Upande wa klachi, kimya. Upande wa flaiwili, pale sili inapoikumbatia krenki, likatokea povu moja, likavimba kama la mtoto anayechezea sabuni, likapasuka, likaja jingine. Mwanangu akacheka. Mimi nilicheka zaidi.

Sili yenyewe ni bei ya soda chache. Na hapa ndipo kopi ya mashine maarufu inapokupa faida: vipimo vimeigwa, kwa hiyo spea nyingi za original zinaingia. Nilimpigia ndugu yangu Kampala, akazipata soko la spea la Kisekka, zikaja na basi la usiku pamoja na pampu ya petroli ya mtu mwingine. Nikabadilisha zote mbili, ile iliyovuja na iliyokuwa bado. Nilipochungulia kupitia tundu la ekzosi, pistoni ilikuwa bado ina mistari myembamba ya kiwandani, bila mikwaruzo. Tangu siku hiyo, ukiachia resi inashuka na kutulia.

Cheni iliyokuja nayo nilikata nayo kuni tu nikaiweka pembeni, ilikuwa laini, ukiinoa asubuhi saa nne imelala. Nunua cheni nzuri, lakini angalia upana wa mfereji wa ule ulimi wa chuma inakozungukia cheni kwanza. Kopi nyingi zina mfereji wa milimita 1.5, na cheni ya Stihl ya mashine ya ukubwa huu huwa ya 1.6. Haiingii, hata uigonge. Ama unatafuta cheni ya 1.5, ama unabadilisha ulimi na cheni pamoja kama nilivyofanya. Na ile oili chafu ya gari wanayomimina watu kulainisha cheni, mimi siweki. Imejaa unga wa chuma, na pampu inayopeleka oili kwenye cheni ni ya kubembeleza.

Breki sijadiliani nayo. Napiga resi, nasukuma kinga ya mkono mbele, cheni isimame papo hapo. Yangu ilikuwa inasita kidogo, nikabadilisha mkanda na springi yake kabla sijagusa mti wowote mkubwa. Ukijumlisha vyote hivyo na kabureta isiyokuwa na kosa, laki saba imekuwa milioni moja na kidogo. Bado sijafika nusu ya original.

Mpwa wangu anataka kuingia kazi ya kupasua mbao, anaulizia kopi ya 070, ile kubwa ya sentimita za ujazo 106. Huyo nimemwambia asubiri, akope, anunue original hata iliyotumika, maana kupasua mbao ni injini kulia juu kutwa, na mashine ikifa porini vibarua wanakula na kulala kwa pesa yako. Kopi ni ya mtu mwenye kazi za hapa na pale na mikono isiyoogopa bisibisi.

Na wanaokuja kuazima waje na petroli yao. Oili nachanganya mwenyewe, na skrubu za kabureta nimezitia alama ya rangi ya kucha ya mke wangu, nikirudishiwa mashine najua kama mtu amezigusa.